Maswali na Majibu: Daraja Lililovunjika la Roma

Tangu nitaje Ponte Rotto kwenye safu hii, lile tao moja la daraja la kale lililobaki katikati ya mto Tiber mjini Roma, maswali hayajakatika. Mengine ni mazuri. Mengine yameulizwa na watu waliosoma kichwa cha habari wakaishia hapo. Nayajibu yote, kila moja kwa kiasi chake.

Shikamoo mwandishi. Mimi na mume wangu tunakwenda Roma mwezi wa saba. Kiingilio cha Ponte Rotto ni kiasi gani, na tunaweza kupanda juu tukapiga picha? (Mama wa Morogoro)

Marahaba mama. Hakuna kiingilio, hakuna geti, na hakuna kupanda. Tao liko majini na halijaungana na ukingo wowote. Akitokea mtu kukuuzia tiketi ya daraja hilo, huyo ni tapeli, mpite.

Asubuhi simameni Ponte Palatino, daraja la chuma lililo hatua chache kuelekea mto unakoshukia. Jua litakuwa mgongoni na mawe yataonekana vizuri. Watafuteni majoka waliochongwa ukutani: hiyo ni nembo ya ukoo wa Papa Gregory XIII, ambaye habari zake zinakuja. Jioni shukeni ngazi za kisiwa cha Tiberina, kilicho mtoni juu kidogo ya tao, mpaka kwenye sakafu ya mawe, muende mwisho wake wa kusini.

Na angalizo kwa wote mnaotoka Tanzania, Kenya na Uganda. Pale Palatino magari hupita kushoto kama kwetu, hata wenyeji huliita daraja la Kiingereza. Msijisahau. Mkishalimaliza tu, magari yanarudi kulia, na madereva wa Roma hawamsubiri mtu anayeshangaa.

Nimesikia hapo ndipo Horatius alipowazuia maadui peke yake. Ni kweli? (Msomaji, Nakuru)

Si kweli, na nimeshalijibu hili. Daraja la kisa hicho cha Horatius, shujaa wa masimulizi ya Roma ya kale, ni Pons Sublicius, lilikuwa la mbao, na halina hata kipande kilichobaki cha kutazama. Anayewaonyesha watalii Ponte Rotto na kuwasimulia habari za Horatius anawauzia mbuzi kwenye gunia.

Kwa nini Waitaliano wasilikarabati? Na imekuwaje jirani yake, Ponte Fabricio, bado linapitika? (Mhandisi mstaafu, Tanga)

Afadhali nimepata swali la mtu aliyewahi kusimamia zege.

Tuanze na lililovunjika. Zamani liliitwa Pons Aemilius, na ndilo daraja la kwanza la mawe mjini Roma. Nguzo zake ni za mwaka 179 KK, matao ya mawe yakafuata mwaka 142 KK. Ubaya wake ni mahali lilipowekwa. Juu yake kidogo kisiwa kinaugawa mto, kisha mikono miwili inakutana na mto unapinda. Kwa hiyo maji hayaji yakiwa yamenyooka. Yanazipiga nguzo ubavuni na kuchimbua ardhi chini ya misingi. Wewe unajua kuliko mimi kwamba daraja la mawe haliuawi na mzigo wa juu, linauawa na shimo la chini ambalo hakuna aliyeshuka kulitazama.

Mwaka 1230 mafuriko yalilibomoa, likajengwa upya. Mwaka 1557 likaanguka tena. Gregory XIII akalisimamisha mwaka 1575 na kuweka maandishi yanayotangaza kwamba amelirudishia uimara na uzuri wake wa kale. Maandishi hayo yalikuwa na umri wa miaka 23 tu wakati, mkesha wa Krismasi wa 1598, Tiber ulipopanda kuliko mafuriko mengine yote yaliyowekewa alama mjini, ukabeba nusu ya daraja upande wa mashariki. Ukitaka kujua maji yalifika wapi, nenda kwenye kanisa la Santa Maria sopra Minerva, karibu na Pantheon. Ukutani nje kuna vibao vya mafuriko ya miaka mbalimbali, na cha 1598 kiko juu ya kichwa cha mtu mrefu.

Baada ya hapo wakachoka nalo. Mwaka 1853 waliunganisha kipande kilichobaki na ukingo kwa daraja la kuning'inia la chuma. Mwaka 1887 wakabomoa matao mawili kati ya matatu yaliyosalia ili kupisha ujenzi wa Palatino. Kwa hiyo msiutwike mto lawama zote, na ofisi nazo zilikula sehemu yake. Kulijenga leo ni kujenga daraja jipya na kulivika koti la marehemu. Kwa maoni yangu liachwe lilivyo.

Sasa jirani yake. Ponte Fabricio lilijengwa mwaka 62 KK, linaunganisha kisiwa na mji, na hadi leo watu wanalivuka kwa miguu. Lina matao mawili mapana ya kama mita 24 kila moja, na nguzo moja tu katikati. Ndani ya nguzo hiyo mjenzi aliacha tundu kubwa, maji yakipanda yapite humo badala ya kuisukuma. Nguzo chache, njia nyingi za maji: siri haikuwa kubwa kuliko hapo.

Lakini nenda usome herufi zilizochongwa juu ya matao. Jina la Lucius Fabricius, msimamizi wa barabara aliyelijenga, lipo kwa herufi kubwa. Kando yake, kwa herufi ndogo, yapo majina ya Lepidus na Lollius, makonsuli, yaani viongozi wakuu wawili wa Roma, wa mwaka 21 KK, waliolikagua na kulipitisha. Miaka miwili kabla mji ulikuwa umekumbwa na mafuriko. Ukaguzi ukafanyika, na waliokagua wakatia majina yao kwenye jiwe ambalo wajukuu wangeyasoma endapo lingeanguka. Kwetu jiwe la msingi lina jina la mgeni rasmi aliyekuja kukata utepe, akala wali kuku, akaondoka. Aliyepima udongo hatumjui. Aliyeupokea mradi kutoka kwa mkandarasi hatumjui. Daraja likizama tunaunda tume.

Mimi Mkenya, nina ukaazi wa Oman. Nahitaji viza? (Kijana wa Muscat)

Unahitaji. Ukaazi wa Ghuba haukuondolei viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwamo, ila unakuruhusu kuombea hapo hapo unapoishi. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari isipungue yuro 30,000. Omba mapema: mlango unafunguliwa miezi sita kabla ya safari, na siku 15 kabla ndiyo mwisho. Wakala anayekuahidi viza ya uhakika mkimbie, viza haitolewi na wakala.

Naweza kuokota kijiwe cha ukumbusho? Kidogo tu.

Hapana. Kila mmoja husema kidogo tu. Na wanaochonga majina ya wapenzi wao kwenye magofu wajue kwamba sheria ya Italia ya mwaka 2022 inataja kifungo cha miaka miwili hadi mitano, pamoja na faini ya yuro 2,500 hadi 15,000.

Tukiwa na siku moja nje ya Roma, kuna daraja jingine la kale lililovunjika? (Wanafunzi watatu, Dodoma)

Nendeni Narni, kama saa moja kwa treni. Daraja la Augusto lilijengwa mwaka 27 KK kuipitisha barabara ya Flaminia juu ya mto Nera. Limebaki tao moja, lakini lina urefu wa kama mita 30 kwenda juu. Ukisimama chini yake unajiona mdogo, jambo ambalo Ponte Rotto, ulilolitazama kutoka mbali, haliwezi kukufanyia. Liko karibu na stesheni. Mchoraji Corot alilichora mwaka 1826, na hali yake haijabadilika sana. Bebeni maji na viatu vya kutembelea, acheni ndala hotelini.

Drone?

Katikati ya Roma, marufuku.

Tuje mwezi gani? Nasikia mto bado unafurika. (Familia ya Mombasa)

Kuta ndefu mnazoziona kando ya mto zilijengwa baada ya mafuriko ya Desemba 1870, na zimeuokoa mji. Njia ya chini, ile ya ukingoni, haikuokolewa. Kuanzia Novemba mvua zikikolea maji huifunika. Kiangazi njia hiyo hujaa vibanda vya vyakula na muziki mpaka usiku, kwa hiyo anayetaka utulivu aje Aprili au Oktoba. Mkikuta ngazi za kushukia zimefungwa kwa utepe, msiuruke hata kama kuna Mtaliano ameuruka mbele yenu.