Makala yangu imeondolewa, nimuulize nani?

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu wasimamizi wa kujitolea, yaani watu wasiolipwa wanaoamua maandishi yapi yabaki na yapi yaondolewe, katika jumuiya za blogu, zile ambazo mtu hujiandikisha, hufungua ukurasa wake na kuandika, na wenzake wakaacha maoni chini. Kazi hiyo nimeifanya kwa miaka mingi na bado naifanya. Naipenda, na inaniuma ikifanywa ovyo. Kwa hiyo mtanivumilia baadhi ya majibu yakirefuka.

Shikamoo dada mhariri. Niliandika kuhusu jirani yangu aliyepona baada ya kuugua kwa muda mrefu. Nilitaja jina lake, ugonjwa wake na hospitali aliyolazwa, na maneno yote yalikuwa ya kumsifu kwa ujasiri wake. Asubuhi nikakuta makala haipo. Sikupewa ujumbe wala sababu. Je, msimamizi ana haki hiyo?
*Mwandishi aliyeumia*

Marahaba. Pole kwa maumivu hayo. Barua yako ina maswali mawili, na majibu yake hayafanani. Kuiondoa makala ilikuwa sawa. Kukuacha gizani haikuwa sawa hata kidogo.

Tuanze na makala yenyewe. Ugonjwa ni siri ya mgonjwa. Hata ukimsifu, mwajiri wake anaweza kuisoma, mkwe wake anaweza kuisoma, na akishajulikana hawezi tena kuamua nani ajue na nani asijue. Msimamizi anayeona jina kamili, ugonjwa na hospitali katika aya moja, bila neno lolote la kuonyesha kwamba mwenyewe ameridhia, lazima achukue hatua. Nia yako njema haimlindi jirani yako.

Lakini hatua hiyo ina utaratibu. Ripoti ikiingia, msimamizi huona mstari mmoja tu: makala ipi, nani amelalamika, na sababu aliyoichagua. Mstari huo hautoshi kuamua lolote. Inabidi afungue makala aisome mpaka mwisho, maana mara nyingi sentensi iliyolalamikiwa ni nukuu ambayo mwandishi anaipinga aya mbili mbele. Kisha asome maoni yaliyofuata, kwa sababu huenda makala ni safi na uchafu umo humo. Kisha atazame mwandishi ni nani: amejiandikisha jana na kumwaga matangazo, au ni mtu aliyeandika kwa muda mrefu bila tatizo? Akiwa na shaka, amwite mwenzake asome pia kabla ya kugusa chochote. Na hata akishaamua, aifiche kwanza badala ya kuifuta, ili ikionekana amekosea irudi kama ilivyokuwa.

Baada ya hapo anaandika, na kwangu hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Ulistahili kupata ujumbe wa namna hii:

"Habari. Makala yako tumeificha, hatujaifuta. Aya ya tatu inataja jina kamili la mtu, ugonjwa wake na hospitali, na hatuoni mahali panapoonyesha kwamba ameridhia. Ukiondoa jina na hospitali, au ukipata ridhaa yake, tujulishe tuirudishe. Kama hukubaliani nasi, jibu hapa hapa. Ombi lako litasomwa na msimamizi mwingine."

Kuuandika hakuchukui muda. Humo kuna kilichofanyika, mahali penye tatizo, njia ya kulirekebisha na mlango wa rufaa. Mwaka 2018 watetezi wa haki za watumiaji wa intaneti walichapisha Kanuni za Santa Clara, wakiyataka makampuni makubwa yatangaze idadi ya maandishi wanayoondoa, yamjulishe mwenye maandishi, na yampe nafasi ya kukata rufaa. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, ambayo imeanza kutumika kikamilifu Februari 2024, nayo inadai mwenye maandishi apewe sababu zilizo wazi. Watu wa kujitolea hawana mawakili wala ofisi, lakini sababu ya sentensi tatu haihitaji ofisi.

Basi waandikie wasimamizi kwa njia ya faragha. Taja kichwa cha makala na tarehe, kisha uliza mambo mawili tu: kanuni ipi imevunjwa, na nibadilishe nini. Usiandike makala nyingine ya kuwalalamikia kabla hawajakujibu. Wakikaa kimya hata hapo, una haki ya kupeleka suala kwa wamiliki wa jumuiya.

Dada mhariri, pole na kazi. Nimeteuliwa kuwa msimamizi katika jumuiya yetu na tayari nimechoka. Ripoti haziishi. Naamka usiku kuangalia simu. Kuna mtu nilimfungia akaunti, sasa anarudi kila siku kwa akaunti mpya kunitukana. Nifanye nini?
*Msimamizi mpya*

Ndugu yangu, zima simu ulale. Nasema hivyo kwa moyo wote. Tangazo la dawa za kupunguza unene likikaa hadi asubuhi halimuumizi mtu yeyote. Ugomvi wa watu wawili kuhusu tahajia nao utakusubiri.

Yasiyosubiri ni machache na inafaa timu nzima iyajue kwa kichwa: mtu anayeandika kwamba anataka kujiua, tishio la kumdhuru mtu, picha za unyanyasaji wa watoto, na anwani au namba ya simu ya mtu iliyoanikwa hadharani. Wekeni zamu, na anayekuwa zamu ndiye anayeyaangalia hayo. Picha za watoto msizipakue wala msipige skrinishoti kuoneshana. Zipelekeni mara moja kwa wamiliki na kwa mamlaka za usalama. Kwa aliyetaja kujiua, usikimbilie kufuta maneno yake halafu ukanyamaza, maana ataona hata hapo amefukuzwa. Mwandikie yeye binafsi, kwa lugha ya kawaida, mwambie umesoma na umeguswa, muulize kama yuko salama sasa hivi na kama kuna mtu karibu naye, umpe njia ya kupata msaada wa dharura alipo. Na wajulishe wamiliki, wao huenda wana taarifa za kumfikia. Wewe si daktari na hakuna anayetaka uwe daktari.

Huyo anayekutukana anataka umjibu, basi. Akijibiwa leo, kesho anaongeza. Mkabidhi mwenzako akaunti zake zote kuanzia sasa; wewe usizifungue hata kusoma. Ombeni makala na maoni ya kwanza ya kila akaunti mpya yapitiwe kabla ya kuonekana, na sehemu kubwa ya kelele zake itaishia mlangoni. Ujumbe wa maamuzi usainiwe kwa jina la timu, si lako. Jina lako likiwa chini ya kila uamuzi, hasira zote zinajua pa kwenda.

Kingine: usihukumu mjadala uliouchangia. Ukishaandika maoni yako katika ugomvi fulani, wewe ni mshiriki kama wengine, hata kama kanuni iko upande wako kabisa. Mwachie mwenzako. Jumuiya husamehe msimamizi aliyechelewa. Msimamizi aliyemfungia mtu waliyekuwa wakibishana naye, hata kama alikuwa sahihi, hasahauliki.

Kuhusu uchovu, usione aibu. Mwaka 2020 Facebook ilikubali kulipa dola milioni 52 kumaliza kesi ya wachujaji wa maudhui nchini Marekani waliosema kazi hiyo iliwaharibia afya ya akili. Hao waliajiriwa na kulipwa mshahara. Wewe unafanya baada ya kutoka kazini kwako. Ukihitaji kupumzika mwezi mzima, waambie wenzako unapumzika, usitoe maelezo marefu.

Kwa nini watu wahangaike? Si kompyuta inaweza kuchuja maneno mabaya yenyewe?
*Mpenda teknolojia*

Inasaidia, hasa kwa spamu, yaani matangazo yanayomwagwa bila kuombwa, na msimamizi anayekataa msaada huo anajitesa bure. Lakini kichujio kinaona herufi, hakioni maana. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe huko Uingereza walishindwa kufungua akaunti za AOL, kampuni ya huduma za intaneti, kwa sababu jina la mji wao limebeba ndani yake tusi la Kiingereza. Sisi tuna mtego wetu wenyewe: kichujio kikipewa lile tusi letu la herufi nne na kuambiwa kilitafute popote lilipo, kitazuia kila anayeandika "kumaliza" na "kumaanisha". Wakati huo huo, mtu anayeweza kumdhalilisha mwenzake kwa methali na maneno ya adabu tupu atapita bila kuguswa.

Jumuiya ya blogu iliyolipia somo hili ni LiveJournal. Mei 2007, baada ya kundi la wanaharakati kulalamikia maandishi ya unyanyasaji wa watoto kingono, kampuni ilifunga mamia ya blogu kwa kuangalia maneno ambayo watumiaji waliyaorodhesha kwenye kurasa zao kama mambo yanayowavutia. Miongoni mwa waliofungiwa walikuwamo watu waliokuwa wakijadili kazi za fasihi, na hata manusura wa unyanyasaji waliokuwa wakisaidiana. Kampuni iliomba radhi na kurudisha blogu nyingi, lakini imani ya watumiaji wengi ilikuwa imekwisha kupotea. Msimamizi ambaye angefungua hata kurasa chache tu kati ya hizo na kuzisoma angeiona tofauti.

Kichujio kiwe cha kumwita msimamizi aje asome. Kufungia watu kibaki kwa watu.

Je, ni haki kampuni itajirike kwa jasho la watu wasiolipwa?
*Mdadisi*

Inategemea jumuiya ni ya nani. Kama ni ya wanachama wenyewe na hakuna anayepata faida, kujitolea ni jambo jema kama kufagia uwanja wa msikiti au kanisa. Kampuni inapouza matangazo juu ya kazi hiyo, swali lako lina uzito. Wasimamizi wa kujitolea wa AOL waliishtaki kampuni hiyo mwaka 1999 wakidai walifanya kazi ya waajiriwa, wenye zamu na ripoti za kuandika. Kesi ikamalizwa miaka mingi baadaye kwa makubaliano ya dola milioni 15. Watafiti wa Marekani walikadiria mwaka 2022 kwamba wasimamizi wa kujitolea wa Reddit, mtandao wa majukwaa ya mijadala, walitoa walau saa 466 za kazi kila siku katika mwaka 2020, kazi yenye thamani ya dola milioni 3.4 kwa mwaka.

Msimamo wangu ni huu: kampuni ikikupangia saa, ikikuwekea malengo na ikaweza kukuadhibu, hiyo ni ajira na ilipwe. Na hata isipofanya hivyo, inawajibika kuwapa wasimamizi zana nzuri na kuwasikiliza kabla ya kubadilisha mambo. Juni 2023 maelfu ya jumuiya za Reddit zilifungwa kwa makusudi na wasimamizi wake kupinga ada mpya zilizoua programu walizozitegemea. Sikushangaa.

Nataka kuwa msimamizi siku moja. Nianzie wapi?
*Mwanafunzi*

Anza kwa kuripoti vizuri, mwanangu. Wengi wanaandika "huyu mtu ni mbaya" na kutuma. Wewe weka kiungo cha maoni yenyewe, nakili sentensi yenye tatizo, taja kanuni inayovunjwa, na kama kuna ugomvi wa nyuma kati ya wahusika, ueleze kwa mstari mmoja. Kama nawe umo katika ugomvi huo, sema. Siku nafasi ikitokea, wasimamizi hutazama kwanza watu ambao ripoti zao wamezoea kuziamini.