Watoto waliofichwa Uholanzi: mnauliza, tunajibu

Tangu tuwagusie watoto wa Kiyahudi waliofichwa Uholanzi wakati Wanazi wakiitawala nchi hiyo, maswali hayajakatika. Tuanze na haya.

Mtoto mchanga alitoroshwaje mbele ya walinzi?

Wayahudi waliokamatwa Amsterdam walirundikwa katika ukumbi wa maigizo, Hollandsche Schouwburg, wakingoja treni za kuwapeleka kwenye kambi za Wanazi. Watoto wao wadogo waliwekwa ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha malezi kilichoongozwa na Henriëtte Pimentel. Kwanza mzazi aliombwa ridhaa. Hebu fikiria uzito wa kuitikia. Kisha tramu, gari la reli la mjini, ilisubiriwa. Ilipopita na kumziba mlinzi, mtu alitoka na mtoto, akaenda sambamba nayo hadi kona. Wengine walibebwa ndani ya mikoba. Walter Süskind, Myahudi aliyesimamia ukumbi ule, alihakikisha majina yao hayaonekani kwenye orodha ya waliokamatwa. Walinusurika hivyo takriban watoto 600. Pimentel mwenyewe aliuawa katika kambi ya mauaji ya Auschwitz mwaka 1943.

Waliowaficha walikuwa watu wema wote?

Hapana. Wengi walihatarisha maisha yao bila malipo. Wapo pia waliodai pesa, na wapo waliowatesa watoto hao.

Mtoto wa miaka mitatu atakumbuka nini?

Swali hili liliwaumiza sana waliofichwa. Waliambiwa: ninyi mlikuwa wadogo, hamkuona kambi, shukuruni. Basi wakanyamaza. Lakini mtoto huyo alikuwa amefundishwa kulikana jina lake, kusali sala za wenyeji wake na kulia bila sauti. Wengi walianza kusema hadharani wakiwa watu wazima. Mwaka 1991 walikutana New York kwa mamia kutoka nchi mbalimbali.

Vita vilipoisha si walirudi kwao?

Kwa nani? Kati ya Wayahudi wapatao 107,000 waliosafirishwa kutoka Uholanzi, walirudi kama 5,000. Na mama aliyerudi alikuta mwanawe akimkimbilia mwanamke mwingine na kumwita mama. Mayatima waligombaniwa: wabaki kwa Wakristo waliowalea, au wapewe ndugu na jumuiya ya Kiyahudi? Tume ya serikali iliamua, mara nyingi baada ya mvutano mrefu.

Hapa ndipo ningependa msomaji atue. Hans Keilson, daktari Myahudi aliyejificha Uholanzi humo humo, alichunguza mayatima zaidi ya 200, akachapisha matokeo mwaka 1979. Alikuta kwamba aliyeteseka zaidi mafichoni, ila akapata malezi mazuri baadaye, aliendelea vizuri kuliko aliyepata nafuu vitani kisha akakosa utulivu baada ya amani kurudi.