Maswali na majibu: Steringi Mwasia anakwama wapi Hollywood?

Juma hili barua karibu zote zinahusu Wamarekani wenye asili ya Asia na nafasi zao katika filamu. Zinazouliza urefu, umri na mke wa fulani nimeziweka kando. Hayo tafuteni wenyewe.

Swali: Jackie Chan ni staa Marekani tangu zamani. Hao Waasia wanalalamikia nini tena? (Tabora)

Jibu: Swali hili haliishi kuja. Jackie Chan ni mtu wa Hong Kong, alifika Hollywood jina akiwa nalo mkononi. Wanaolalamika ni waliozaliwa au kukulia Marekani, Kiingereza chao ni cha huko huko, na wanataka kuigiza daktari, tapeli au baba mwenye nyumba bila kurusha teke hata moja. Najua mkanganyiko unatoka wapi: filamu tunaziangalia kibanda umiza zikiwa zimeingiziwa sauti na DJ, naye huwapa wote sauti ile ile ya Mchina anayefoka. Lafudhi ikishafutwa, John Cho aliyekulia Marekani na Jet Li wa China wanageuka ndugu wa tumbo moja.

Swali: Na Bruce Lee? (Morogoro)

Jibu: Alizaliwa San Francisco 1940, akakulia Hong Kong, na ili awe steringi ilimbidi arudi huko huko Hong Kong.

Swali: Ni kweli zamani Wazungu walipakwa rangi wawe Wachina? Walifanyaje macho? (Nakuru)

Jibu: Kweli, na ilikuwa kazi ya saa nyingi. Katika Mr. Wu ya 1927, Lon Chaney alijaza mashavu kwa pamba na gundi ya kolodioni, akaingiza vishikio vya sigara puani ili matundu yapanuke, akavuta macho kwa ngozi nyembamba ya samaki, na kucha ndefu akazitengeneza kwa vipande vya utepe wa filamu. Sasa tazama pembeni mwa picha hiyo hiyo: yupo Anna May Wong, mzaliwa wa Los Angeles, Mchina kwa baba na mama, kapewa nafasi ndogo. Binti wa Kichina ambaye kisa kinamzunguka aliigizwa na Renée Adorée, Mfaransa.

Miaka kumi baadaye, hadithi ikawa ile ile. Studio ya MGM walipotengeneza The Good Earth, filamu ya 1937 kuhusu wakulima wa China, mume alipewa Paul Muni, Mzungu. Kanuni za maadili za Hollywood, zilizoanza kubanwa kwa nguvu 1934, zilikataza mapenzi ya weupe na weusi, na studio zikazinyoosha hadi kwa Waasia. Muni akishawekwa, mke hawezi kuwa Mchina wa kweli. Wong alipelekewa nafasi ya Lotus, mke mdogo mwenye kuvuruga nyumba, akaikataa. Luise Rainer, Mzungu, akapewa ya mke mkubwa na akaondoka na Oscar. Kwa hiyo anayesema enzi zile hapakuwa na Waasia wa kuigiza, hajatazama.

Swali: Si wafanye usaili, anayeweza achukuliwe? Mbona mnaingiza rangi kila mahali? (Dodoma)

Jibu: Kwa sababu usaili huja mwishoni. Skripti ikipitishwa, msimamizi wa kasting, yaani anayetafuta waigizaji, huandika maelezo mafupi ya kila mhusika na kuyatuma kwa mawakala wa waigizaji. Mawakala hupeleka majina, waigizaji hujirekodi kurasa mbili tatu nyumbani, wachache huitwa tena, wanasomeshwa na steringi kuona kama wanaendana, kisha studio inaidhinisha. Maelezo yakinyamazia asili ya mhusika, mawakala wengi huelewa ni Mzungu. Msimamizi anayejua kazi huandika waziwazi kwamba watu wa asili zote wanakaribishwa, na orodha ikirudi ya rangi moja huirudisha.

Lakini hiyo ni kwa nafasi za kati. Steringi mara nyingi hasailiwi kabisa. Jina lake ndilo linalotumika kuuzia filamu nchi za nje kabla kamera haijawashwa. Mwenye fedha anataka jina. Jina hujengwa kwa kuwa steringi. Usteringi hupewa mwenye jina. Ndiyo maana filamu iitwayo 21, ya mwaka 2008, iliyotokana na wanafunzi wa chuo cha MIT cha Marekani waliokuwa wakivuna kasino kwa kuhesabu karata, akiwemo Jeff Ma, ilimpa Mwingereza Jim Sturgess nafasi ya mbele na Waasia wakasogezwa pembeni. Na ndiyo maana Aloha ya 2015 ilimfanya Emma Stone, Mzungu, awe Allison Ng, mwenye robo ya Uchina, hadi mwongozaji akaomba radhi.

Kisingizio cha soko, kwamba sura za Kiasia haziuzi, kilipata kipigo 2018. Crazy Rich Asians, filamu yenye mastaa wa asili ya Asia, iligharimu takriban dola milioni 30 na kuingiza zaidi ya milioni 230. Mwandishi wa kitabu chenyewe, Kevin Kwan, amesimulia kuwa mtayarishaji mmoja alitaka mhusika mkuu ageuzwe Mzungu. Halafu msishangilie mapema: kwa filamu ya pili, Adele Lim, mmoja wa waandishi wawili wa skripti, alijitoa baada ya kuona mwenzake Mzungu ametengewa malipo makubwa mara kadhaa kuliko yake. Mnaohesabu sura kwenye bango mnasahau kuuliza nani kalipwa nini.

Swali: Binti yetu, mama yake Mfilipino, anaishi Toronto. Ameambiwa ajirekodi kwa "lafudhi ya Kiasia". Afanyeje? (Mombasa)

Jibu: Amuulize wakala: ya wapi? Manila si Seoul, na Seoul si Saigon. Jibu likiwa "yoyote tu", skripti imeshajieleza. Arekodi mara mbili, kwanza kwa sauti yake ya kila siku, na hiyo ndiyo itangulie. Lafudhi ya kujifunza usiku mmoja mtandaoni humponyoka mtu hisia zikipanda, ikabaki kejeli, aombe mwalimu. Kisha asome mistari bila lafudhi: kichekesho kikifa, basi anayechekwa ni yeye. Katika Sixteen Candles ya 1984, kila Long Duk Dong, mwanafunzi mgeni kutoka Asia aliyewekwa achekwe, akitokea inapigwa gongo. Aliyemwigiza, Gedde Watanabe, ni mzaliwa wa Utah.

Swali: Freddie Mercury wetu wa Zanzibar kaigizwa na Rami Malek, Mmisri. Sawa? (Unguja)

Jibu: Malek ni Mmarekani wa familia ya Wakopti wa Misri, Freddie alikuwa Parsi, yaani Mhindi wa jamii yenye asili ya Uajemi. Mimi uigizaji wake haunikeri. Kinachonikera ni kwamba katika filamu hiyo, Bohemian Rhapsody, Unguja yenyewe inatajwa kwa mdomo tu. Anayetaka kuwaona Wahindi wa upande wetu aitafute Mississippi Masala ya 1991, kuhusu familia iliyofukuzwa Uganda na Amin 1972.

Swali: Siku hizi Oscar inalazimisha rangi, ubora umekufa. (Arusha)

Jibu: Hilo si swali, na kanuni hukuzisoma. Tangu tuzo za 2024, filamu inayowania tuzo ya filamu bora tu hutakiwa kutimiza masharti mawili kati ya manne ya kushirikisha makundi yaliyoachwa nyuma. Mawili kati ya hayo yanahusu mafunzo ya kazi yenye malipo na wakuu wa idara za masoko na usambazaji. Studio inaweza kufaulu kwa hayo mawili bila sura moja ya Kiasia kuonekana kwenye skrini.