Alianguka, Si "Alikuwa Akianguka": Kiwelisi Kilivyoniliza Kazini

Juzi dada mmoja aliyehamia Wales ameniandikia. Kiwelisi anakielewa, ila akitaka kusimulia yaliyompata mtu mwingine, ulimi unakwama. Dada yangu, hapo ndipo nilipoungua mimi.

Nahudumia wazee karibu na Caerfyrddin, mji wa Wales. Mwaka wangu wa kwanza, mama mmoja aliteleza bafuni usiku. Hakuumia. Asubuhi bintiye akapiga simu, nami nikamjibu kwa kujiamini: "Roedd hi'n cwympo." Darasani tulikuwa tumeanza na roedd, yaani "alikuwa", nikadhani inatosha kwa kila lililopita. Kumbe nimemwambia kwamba mama yake alikuwa akianguka, tena na tena, na sisi tumenyamaza! Alilia kwenye simu. Msimamizi akaniita ofisini: kuanzia leo, Kiingereza tu. Neno lile bado linaniuma.

Nilitakiwa kusema "Cwympodd hi." Alianguka, mara moja, basi. Ile -odd ya mwishoni ndiyo inayofanya kazi ya "ali-" yetu. Vitenzi vinne vikorofi, visivyofuata kanuni, vikariri kama sala: aeth (alienda), daeth (alikuja), gwnaeth (alifanya), cafodd (alipata).

Cafodd hubeba hata kuzaliwa. Mwanamke ni cafodd hi ei geni, mwanamume ni cafodd e ei eni, ile g imemezwa. Sisi "alizaliwa" yetu haibagui mke na mume, kwa hiyo tega sikio.

Na kuna mtego wetu hasa Waswahili. Kwetu watoto wakija, kitenzi nacho kinakuwa cha wengi. Wao husema daeth y plant, kitenzi kikibaki kama cha mtoto mmoja. Daethon hutoka unapotaja nhw, yaani wao. Hili lilinitesa miezi mingi.

Usikubali kosa moja likurudishe kwenye Kiingereza. Simulia siku ya mwenzako, siyo yako, kila siku. Mimi nilijifunzia kwenye basi, nikiwasimulia abiria kimoyomoyo: Prynodd e docyn, alinunua tiketi. Aeth hi, huyo kaenda. Simulia, dada, usichoke. Lugha ya watu ni heshima yao.

Wiki iliyopita simu ililia, binti yule yule. Nikamwambia: "Cysgodd hi'n dda. Bwytodd hi frecwast." Alilala vizuri, alikula kifungua kinywa. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, kwa Kiwelisi, mama alikula nini.