Maswali ya Wasomaji: Kamera Ipi kwa Mechi za Mtoto?

SWALI: Mwanangu ana miaka 10 na anacheza wingi ya kulia katika timu ya watoto hapa mtaani. Mechi zao huanza saa kumi jioni. Nimekuwa nikimpiga picha kwa simu, lakini kila nikivuta karibu anatoka kama amechorwa kwa mkaa, na goli lake la kwanza nililinasa likiwa ukungu mtupu. Nimejiwekea akiba ya shilingi milioni moja na laki mbili. Muuzaji mmoja ananishauri nichukue kamera mpya ya megapikseli 24 pamoja na lenzi yake ya milimita 18 hadi 55. Shemeji yangu anasema nitafute kamera ndogo inayovuta mara 60, kwa kuwa ina kila kitu ndani yake. Nimsikilize nani?
Mama Hamisi, Mwanga, Kigoma

JIBU: Mama Hamisi, wote wawili wanakutakia mema, ila hakuna aliyekuuliza mtoto anakuwa umbali gani kutoka ulipokaa, wala mwanga unakuwaje mechi inapokaribia kwisha. Ukiyajua hayo mawili, utaona kwamba cha kuchagua kwanza ni lenzi, na kamera yenyewe ifuate.

Tuanze na umbali. Lenzi ya milimita 18 hadi 55 inafaa sebuleni, harusini na kwa watu waliosimama karibu. Ukiivuta hadi mwisho kwenye kamera za kawaida za daraja hilo, mtoto mwenye kimo cha mita 1.4 atajaza nusu ya kimo cha picha iliyolala iwapo tu yuko mita 10 hivi kutoka kwako. Akifika katikati ya uwanja anabaki punje. Lenzi inayofika milimita 250 humleta kwa ukubwa ule ule akiwa mita 47. Uwanja kamili wa wakubwa una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, na watoto wa umri wa mwanao kwa kawaida hupewa eneo dogo zaidi ya hapo, kwa hiyo ukiwa na milimita 250 na ukachagua vizuri mahali pa kukaa, karibu nusu nzima ya uwanja itakuwa mikononi mwako. Mimi mwenyewe nilinunua 18-55 nikidhani nitasogea kwa miguu, nikamaliza msimu mzima nikiwa na picha nyingi za migongo ya washika vibendera.

Jambo la pili ni kasi. Mtoto anayekimbia mita 5 kwa sekunde husogea sentimita 4 ndani ya 1/125 ya sekunde, nao mpira uliopigwa husogea zaidi ya hapo. Picha ya namna hiyo hukuonyesha ni nani, namba ya jezi inasomeka, lakini mguu uliopiga mpira umekuwa mkia wa moshi. Ukiipandisha kasi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka na kufunga kupitisha mwanga, hadi 1/1000 ya sekunde, mtoto yule yule husogea milimita 5 tu, na hapo utaona hata vumbi lililorushwa na njumu likiwa limesimama hewani punje kwa punje. Anza na 1/1000, na usishuke chini ya 1/500 ila pale giza linapokulazimisha. Usidanganyike na maelezo ya lenzi kwamba ina kituliza mtikisiko: kifaa hicho hutuliza mkono wako wewe, hakimtulizi Hamisi.

Kasi hiyo inataka mwanga, na hapa Kigoma ina bahati yake. Mji wenu uko magharibi kabisa mwa nchi lakini mnafuata saa zile zile za Dar es Salaam, ndiyo maana jua lenu huzama karibu dakika 40 baada ya kule, likikaribia saa moja jioni. Saa kumi jua bado ni kali, na lenzi ya bei nafuu ambayo tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) itafanya kazi kwa ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ya 200 au 400 bila taabu. Mechi ikichelewa kuanza, kama zinavyochelewa mechi za watoto kila mahali, dakika 20 za mwisho zitakudai ISO 1600 hata 3200, na picha zitaanza kuwa na chembechembe. Zikubali. Picha yenye chembechembe huwekwa ukutani na bibi akaifurahia, iliyotikisika hufutwa. Lenzi ya f/2.8 ingekupa mwanga mara nne ya ile ya f/5.6, lakini ni nzito, na bei yake ingemeza akiba yako yote kabla hujagusa kamera. Kwa mechi za mchana wa jua sioni sababu ya kuitamani.

Kamera ya shemeji inavuta kweli, na mchana kweupe itakupa picha za kuridhisha mtoto akiwa amesimama. Tatizo liko ndani: nyingi za kamera hizo zina kihisi cha mwanga ambacho eneo lake ni kama sehemu moja ya 12 ya kihisi cha kamera za kubadili lenzi, kwa hiyo jua likianza kushuka huzidiwa mapema, na fokasi yake, ule uwezo wa kulenga kitu kitoke wazi, hutafutatafuta mpira ukiwa umeshafika wavuni.

Mimi ningenunua iliyotumika. Wapiga picha wengi wamehamia kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani, na zile walizoziacha bado zina uhai mrefu. Canon 700D hupiga picha 5 kwa sekunde. 70D hupiga 7 na ina nukta 19 za fokasi badala ya 9, basi ukiipata kwa tofauti ndogo, ichukue hiyo. Iambatane na lenzi ya Canon ya milimita 55 hadi 250, na uhakikishe imeandikwa STM, ambayo ni aina ya mota ya fokasi, kwa kuwa zile za kabla yake hushika fokasi taratibu na kwa kelele. Ukiangukia upande wa Nikon, D5300 inafaa, ila kamera za familia za D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani yake: lenzi iwe na mota yake yenyewe, kama zile zenye herufi AF-S, la sivyo utazungusha kwa mkono huku wingi wako ameshapiga krosi. Megapikseli 24 au 18, kwa picha ya ukutani hutaona tofauti.

Kabla ya kulipa, ng'oa lenzi, imulike kwa tochi ya simu upande mmoja huku ukichungulia upande wa pili. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu, na kifaa kilichofungiwa kabatini mahali penye unyevu, kama nyumba nyingi za kandokando ya ziwa, hupata kuvu kwa urahisi. Vumbi kidogo si hoja. Kuvu iache dukani. Kisha bonyeza shata mfululizo, usikilize kama inakwama.

Uwanjani usikae na wazazi wenzako katikati ya mstari. Nenda nyuma ya mstari wa goli ambalo timu ya mwanao inalishambulia, kati ya nguzo ya goli na kibendera cha kona cha upande wake wa kulia, ili akija na mpira awe anakuja kwako akionyesha uso. Kipindi cha pili timu hubadilishana magoli. Kama upande mpya utakufanya ulitazame jua linaloshukia ziwani, rudi kwenye mstari wa pembeni, ukae mahali ambapo jua litakuwa mgongoni. Piga goti. Ukipiga ukiwa umesimama, watoto watatoka wafupi na nyuma yao ni nyasi na vumbi tu. Ukishuka hadi kimo chao, utapata anga na michikichi kwa mbali, na mpira unaonekana umepaa. Kamera iweke kwenye fokasi inayofuata kitu, inayoitwa AI Servo kwenye Canon na AF-C kwenye Nikon.

SWALI: Kamera ninayo na lenzi ya milimita 300, lakini mwanangu anapokaribia goli nikibonyeza mfululizo inapiga picha chache, kisha inaganda. Nimepeleka kwa fundi, hakuona ubovu. Tatizo ni nini?
Baba Neema, Isevya, Tabora

JIBU: Baba Neema, fundi yuko sahihi. Kamera huhifadhi picha kwanza katika kumbukumbu yake ndogo ya ndani, kisha huzimimina kwenye kadi. Kadi ikiwa ya polepole, foleni hujaa na kamera husubiri. Tazama kwanza kama umeiweka ipige picha ghafi za RAW, ambazo ni nzito mara kadhaa kuliko JPEG, zile zilizobanwa. Kwa mechi za mtoto JPEG yatosha. Pili, nunua kadi yenye alama ya V30, inayoahidi kuandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde, na ununue kwa mtu utakayeweza kumrudishia, kwani kadi bandia zenye maandishi mazuri ni nyingi. Tatu, acha kubonyeza tangu katikati ya uwanja. Mfuate Neema kwenye kitazamio kidole kikiwa kimekandamiza kitufe nusu, kisha bonyeza anapouinua mguu.

Na kwa vumbi la kiangazi huko kwenu, lenzi hiyo usiibadilishe uwanjani. Ifunge ukiwa nyumbani, ibaki hapo hadi utakaporudi.