Kuonja bia za krafti bila ulimi kufa ganzi

Ndugu yangu, umesema kwenye tamasha la bia za krafti, yaani za viwanda huru, baada ya meza ya nne zote zikawa ladha moja, ukashindwa kujua viwanda vidogo vya wenyeji vinapishana wapi na vile vikubwa vya kanda. Shida ni mpangilio tu, ukianza na stauti (bia nyeusi nzito) ya kilevi asilimia 9 au IPA (bia yenye hopsi nyingi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu) chungu ulimi unakufa ganzi mapema, anza na laga nyepesi upande taratibu, nzito ziwe za mwisho, maji katikati.

Mimi kila kiwanda naanza na pilsna yake (aina ya laga nyepesi), sababu bia nyepesi haina pa kuficha kosa. Inuse kabla hujameza: ukipata harufu ya siagi mara nyingi hamira haikupewa muda wa kumaliza kazi yake au mabomba ya kumiminia ni machafu, na ile ya mahindi ya kuchemsha aghalabu mchemsho haukutosha. Siku niliyoinasa ile siagi kwa mara ya kwanza nilionja mara tatu maana siamini, na jamaa pembeni anaisifia!

Halafu uliza imepakiwa lini. Harufu ya hopsi inapotea haraka, so kiwanda cha jirani kikileta IPA iliyotoka kupakiwa kinaweza kukipita kikubwa kilichosafirisha yake wiki kadhaa, ila vile vikubwa navipenda kwa uthabiti, glasi ya asubuhi na ya jioni ni ileile.

Mililita 100 kwa kila bia zinatosha kabisa, andika maneno mawili kwenye simu palepale, na ukianza kuchangamka acha kutoa maksi.