Mwanangu aliposema kichwa kinauma, nilimwambia anasingizia

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia saa sita usiku. Ukiona mama anaandika saa sita usiku kuhusu mwanawe, ujue ameshamaliza kulia. Binti yake ana miaka 8. Kichwa kinamuuma mara mbili au tatu kwa wiki, na mwalimu amemwita mzazi kumweleza kuwa mtoto ni mvivu tu, maana kichwa chenyewe kinachagua siku za hisabati. Akamaliza hivi: "Dada, niambie ukweli, mtoto wa umri huu anaweza kupata kipandauso, au ananichezea akili?"

Nilisoma, nikaiweka simu kifudifudi mezani. Maana maneno ya yule mwalimu niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, kwa mtoto niliyemzaa, na sikuhitaji mwalimu wa kunifundisha. Basi nitasimulia, kisha nitashauri. Nakuonya mapema kwamba hadithi ni ndefu kuliko ushauri.

Kitindamimba wangu alianza akiwa na miaka 7. "Mama, kichwa kinagonga." Sikumbuki mara ya kwanza ilikuwa lini, na hilo lenyewe linaniuma, kwa sababu nakumbuka hata siku alipong'oka jino la kwanza. Nilichokiona mimi ni mtindo: Jumatatu asubuhi kichwa, anarudishwa kitandani, analala saa mbili tatu, anaamka mzima kabisa na kuulizia mpira wake. Niambie, wewe ungeamini?

Mama yangu alikuwa na kipandauso. Tulipokuwa wadogo alijifungia chumbani siku nzima, nasi tukatembea kwa ncha za vidole. Chake kilikuwa cha upande mmoja, jicho la kushoto likitoka machozi, na kikija hakiondoki hadi kesho yake. Hicho ndicho nilichokijua. Cha mwanangu kilikuwa paji lote la uso, na kilikwisha kabla ya chakula cha mchana. Nikajiambia hiki si hicho. Hakuna aliyekuwa ameniambia kuwa kwa watoto kipandauso mara nyingi hushika pande zote mbili, na kwamba kinaweza kudumu saa mbili tu, kisha usingizi ukakifuta. Wala kwamba kinarithiwa, na pengine kinaruka kizazi na kumwacha mtu kama mimi, mwenye kichwa cha chuma na mdomo mrefu.

Kuna Jumatatu moja nilichoka. Nilikuwa nimechelewa kazini mara mbili mwezi huo. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, kiganja kimefunika jicho, nami nikapiga magoti kumfunga kamba za viatu huku nikisema, "Leo hunidanganyi." Hakubisha. Alininyooshea mguu wa pili. Tulipofika mlangoni nikawasha taa, akajikunja kama mtu aliyepigwa. Midomo ilikuwa imepauka. Hatua chache nje ya nyumba akatapika, kwenye shati lake na kwenye viatu vyangu, kisha akaniambia, "Samahani, Mama."

Yeye ndiye aliyeniomba radhi. Nimejaribu kulisahau, halisahauliki.

Miezi iliyofuata nairuka, haina mafunzo, ina foleni tu. Tulipima macho, tukapewa miwani. Iko kwenye droo hadi leo. Tukaambiwa ni mafua yaliyojificha kwenye mifupa ya uso. Daktari mmoja, bila kunyanyua macho kwenye karatasi, alisema watoto hawapati kipandauso. Simtaji, lakini kama anasoma: wanapata, hata kabla ya umri wa kwenda shule. Kabla ya kubalehe wavulana wanakipata sawa na wasichana. Baadaye ndipo wasichana wanapozidi. Kuna watoto ambao kwao kinaanzia tumboni, maumivu kuzunguka kitovu na kutapika, kichwa kisiume kabisa. Haya siyo siri.

Aliyetusaidia alikuwa daktari mama wa makamo ambaye aliniambia ninyamaze. Kwa adabu, lakini aliniambia ninyamaze. Akamsogezea mtoto karatasi na kalamu: "Nichoree kichwa chako kikiuma." Mwanangu akachora nyundo kwenye paji la uso, dirisha lenye jua, kisha akalipiga jua mistari ya msalaba. Pembeni akachora mtu mdogo chini ya kitanda, mikono masikioni. Daktari aliitazama ile picha kwa muda mrefu kuliko wote waliomtangulia walivyomtazama mtoto.

Kisha akapima: presha, shingo, macho kwa kile kitochi chao, akamtembeza kwenye mstari, akamwambia asimame kwa mguu mmoja. Akasema ni kipandauso, na haoni haja ya picha ya ubongo. Nilikasirika. Nilitaka picha! Akanieleza kwa utulivu mambo ambayo yangembadilisha mawazo, na naomba uyasome mara mbili, kwa sababu hapa hakuna kusubiri: kichwa kinachomwamsha mtoto usingizini au kinachokuja na matapishi kila asubuhi, kinacholipuka ghafla kwa ukali ambao hajawahi kuuona, homa na shingo kukakamaa, degedege, kuchanganyikiwa, mkono au mguu kulegea, kuona vitu viwili viwili au kuyumba akitembea, kichwa kilichoanza baada ya kujigonga, na kile kinachozidi wiki hadi wiki. Likiwapo lolote kati ya hayo, funga ukurasa huu uende hospitali.

Sasa ushauri. Wa kwanza ni kumwamini mtoto. Najua unasikika mwepesi. Lakini ukimwamini ndipo utakapowahi, na kuwahi ni nusu ya tiba. Kipandauso kikishapamba moto tumbo nalo linagoma, dawa inakaa humo bila kusagwa, au inatapikwa. Kidonge kilekile ambacho kingefanya kazi dakika ya kumi hakifui dafu baada ya saa mbili. Daktari alinifundisha kuwa kipimo kinafuata uzito wa mtoto, si umri tu: ibuprofeni miligramu 10 kwa kila kilo, au parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo, bila kuvuka kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye maelezo ya dawa. Thibitisha na daktari au mfamasia wako, hasa kama mtoto ana pumu au figo zina tatizo. Aspirini usimpe mtoto, kwa sababu ya ugonjwa wa Reye unaoshambulia ini na ubongo. Kama hizo mbili zimeshindwa, uliza kuhusu triptani, kundi la dawa za kukatiza kipandauso chenyewe. Marekani, kwa mfano, mojawapo, rizatriptani, imeidhinishwa kuanzia miaka 6.

Shuleni ndiko kuwahi kulikoshindikana. Dawa zilifungiwa ofisini, na mwalimu wake wa darasa la tatu alikuwa na jibu moja: "Subiri mapumziko." Mapumziko yakifika mtoto yuko chooni anatapika. Nilikwenda mara tatu. Mara ya tatu nilikwenda na barua ya daktari, na sauti iliyosikika hadi darasa la pili. Tukakubaliana: mtoto ana kadi nyekundu ndogo, akiiweka juu ya dawati anaruhusiwa kutoka bila kuulizwa, anapewa dawa na maji, analala pasipo mwanga kwa muda. Mara nyingi anarudi darasani siku hiyohiyo. Nasema kwa kiburi kidogo kwamba kadi ile sasa inatumiwa na mtoto mwingine pia. Yule mwalimu hajawahi kuniomba radhi. Sisubiri. Basi, nasubiri kidogo.

Sasa sikia kosa langu la pili, kwa sababu ukishaonja mafanikio ya kuwahi unaweza kulewa. Mwaka wa pili nilikuwa nawahi kila kitu. Akikunja uso, kidonge. Akisema amechoka, kidonge. Vichwa vikaongezeka hadi vikawa karibu kila siku, nami nikaongeza vidonge. Kumbe dawa za kawaida za maumivu zikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi, zenyewe huzaa kichwa. Kwa triptani ni siku 10. Kuziachisha kulichukua wiki ambazo sitaki kuzikumbuka. Tangu hapo hatuvuki siku mbili kwa wiki, na tukikaribia tunarudi kwa daktari.

Ndipo daftari lilipoingia. La kawaida tu, la mistari: tarehe, saa kilipoanza, kilipoisha, alilalaje, alikula nini na saa ngapi, alikunywa maji, dawa gani. Mimi nilikuwa na mshtakiwa wangu tayari, chokoleti. Baada ya miezi miwili daftari likamwachia huru. Mwanangu hutamani vitu vitamu saa kadhaa kabla ya kichwa, kama anavyopiga miayo mfululizo na kununa bila sababu. Hamu hiyo ni kipandauso chenyewe kikibisha hodi. Nilikuwa namwadhibu mtoto kwa dalili.

Mkosaji halisi alikuwa Jumapili. Ijumaa na Jumamosi tulimwacha akeshe, Jumapili akaamka adhuhuri, usiku usingizi haupatikani, Jumatatu anaamshwa alfajiri na kuondoka bila kula. Sisi tukaita uvivu wa Jumatatu! Watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi, na kichwa cha aina hii hakipendi mabadiliko ya ghafla, hata ya kulala sana. Tukaweka saa ileile ya kulala na saa ileile ya kuamka kwa wiki nzima, chakula cha asubuhi hata kama ni kidogo, chupa ya maji begini. Ndugu zake walilalamika sana. Ndani ya miezi mitatu, kutoka siku tisa kwa mwezi, alifika nne.

Dawa za kinga za kila siku tulizijadili, tukaziacha. Mwaka 2017 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watoto na vijana wa miaka 8 hadi 17: kundi moja lilipewa amitriptilini, jingine topiramati, la tatu vidonge visivyo na dawa ndani. Baada ya wiki 24, katika kila kundi zaidi ya nusu walikuwa wamepunguza siku za kichwa kwa nusu au zaidi, na wenye vidonge vitupu hawakuzidiwa. Tofauti ilikuwa kwenye madhara, na hayo yaliwapata zaidi waliopewa dawa. Sikwambii ukatae, kuna watoto zinaowafaa, na huo ni uamuzi wa daktari wako. Nasema tu usidhani kidonge cha kila siku kitachukua nafasi ya usingizi.

Kitu nilichokicheka ni mtaalamu wa saikolojia. "Kwani ana wazimu?" nilisema, kwa sauti. Kumbe ni mafunzo ya kupumua, kulegeza misuli, na kuikatiza ile hofu ya "kinakuja, kinakuja." Utafiti wa mwaka 2013 kwa watoto wa miaka 10 hadi 17 wenye kipandauso sugu ulionyesha kuwa waliopata mafunzo haya pamoja na amitriptilini walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa dawa hiyohiyo na maelezo kuhusu ugonjwa tu. Mwanangu alijifunza kupumua akihesabu hadi sita. Sasa ananihesabia mimi nikiwa na hasira.

Wazazi wenzangu, tunajidai tunawajua watoto wetu kama viganja vyetu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtoto wa miaka 8 hana maneno ya kueleza mwanga unaochoma. Ana "kinauma" tu, na akirudishiwa "unasingizia" mara tatu, hata hilo moja ataliacha. Halafu tunasema siku hizi amepoa, ametulia. Hajatulia, anaumia kimya! Kama kweli anakimbia hisabati utalijua, daftari litakuonyesha. Lakini anza kwa kumwamini, si kwa kumhoji kama askari. Na akina baba, daftari si la mama peke yake.

Dada uliyeniandikia, nimekujibu faraghani kuhusu mwalimu, hapa sitarudia yale maneno. Kesho mpe binti karatasi na umwambie achore. Kisha angalia daftari la usingizi wake usiku wa kuamkia siku za hisabati.

Mwanangu sasa ana miaka 12. Hajapona, na sikuahidi kupona. Mwezi uliopita kilimshika mara mbili. Alhamisi alikuja jikoni akipiga miayo, akamimina maji, akachukua dawa yake, akavuta pazia akalala. Baada ya saa moja na nusu alitoka akajaza daftari mwenyewe. Kwenye safu ya chanzo nilitarajia usingizi, au maji. Ameandika, "Sijui. Nilifanya kila kitu."

Nilikaa naye. Sikuwa na la kusema.